Thurgood Marshall: Wakili aliyeyanyima majimbo ruhusa ya kujichagulia wapigakura

JINA la Thurgood Marshall linapotajwa, wengi hukumbuka kesi ya mwaka 1954 iliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma nchini Marekani. Wengine humkumbuka kama mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya taifa hilo. Ni wachache wanaojua kwamba miaka kumi kabla ya kesi hiyo ya shule, wakili huyu alikuwa ameshinda kesi nyingine aliyoihesabu miongoni mwa ushindi wake mkubwa kabisa, nayo ni kesi ya daktari wa meno wa mjini Houston aliyenyimwa karatasi ya kura.

Kesi hiyo ilijibu swali ambalo limezisumbua nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Ikiwa sheria imeipa taasisi fulani mamlaka ya kusimamia uchaguzi, je, mamlaka hayo yanairuhusu pia kuamua nani atapiga kura na nani atafungiwa nje? Marshall alitumia zaidi ya nusu karne, kwanza akiwa wakili na baadaye jaji, akishikilia kwamba jibu ni la.

Wakenya wana sababu yao ya kumkumbuka. Mnamo 1960, wajumbe Waafrika walipokwenda London kudai katiba mpya, mshauri wao wa masuala ya sheria alikuwa mwanasheria huyo kutoka Baltimore.

Malezi na masomo

Marshall alizaliwa Julai 2, 1908, mjini Baltimore katika jimbo la Maryland. Alipewa jina la babu yake, Thoroughgood, lakini akiwa mtoto mdogo shuleni alichoshwa na kuandika jina refu kiasi hicho, akalifupisha.

Babake, William, alikuwa mhudumu wa treni na baadaye akawa msimamizi wa wahudumu katika klabu moja ya wazungu. Mamake, Norma, alikuwa mwalimu. William hakuwa amesoma sana, lakini alipenda mno kuhudhuria vikao vya mahakama na kusikiliza mawakili wakichuana. Jioni, mezani, aliwachokoza wanawe wawili kwa mijadala, na kila dai walilotoa aliwataka walithibitishe. Marshall alisema baadaye kwamba babake hakuwahi kumwambia awe wakili, ila ndiye aliyemfanya akawa wakili.

Inasimuliwa pia kwamba alikuwa mtukutu darasani, na kila alipokosa alipewa adhabu ya kukariri sehemu ya Katiba ya Marekani. Kufikia wakati wa kuondoka shuleni hapo, alikuwa ameihifadhi karibu yote. Alijua katiba ilivyosema, na alipotoka nje ya lango la shule aliona jinsi watu wa rangi yake walivyotendewa kinyume chake.

Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, mnamo 1930. Shule ya sheria iliyokuwa karibu na kwao, ya Chuo Kikuu cha Maryland, haikuwa ikiwapokea wanafunzi weusi. Hivyo alijiunga na Chuo Kikuu cha Howard jijini Washington. Mamake alilazimika kuweka rehani pete zake za uchumba na ndoa ili karo ipatikane, naye kijana akawa anadamka alfajiri kila siku kupanda treni kutoka Baltimore.

Huko Howard alikutana na Charles Hamilton Houston, mkuu wa shule ya sheria, mwalimu mkali aliyewafunza wanafunzi wake kwamba wakili mweusi hana budi kujiandaa maradufu kuliko mpinzani wake. Marshall alihitimu mwaka 1933 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Miaka mitatu baadaye, yeye na Houston walikuwa wamekilazimisha Chuo Kikuu cha Maryland, kupitia mahakamani, kumpokea mwanafunzi mweusi, Donald Murray. Mlango uliokuwa umefungwa mbele ya Marshall ulifunguliwa naye kwa ajili ya mwingine.

Mnamo 1936 alihamia New York kufanya kazi na chama cha kutetea haki za watu weusi cha NAACP. Mwaka 1940 alianzisha hazina ya chama hicho ya utetezi wa kisheria, na kwa miaka zaidi ya 20 akawa anazunguka majimbo ya Kusini kwa treni na gari, mara nyingi akilala katika nyumba za wenyeji kwa kuwa hoteli hazikumpokea.

Mchujo wa wazungu

Ili kuelewa uzito wa kesi ya daktari wa Houston, sharti kwanza tufahamu jinsi uchaguzi unavyosimamiwa Marekani. Taifa hilo halina tume moja ya kitaifa inayoandikisha wapigakura na kuhesabu kura zote, kama ilivyo IEBC hapa Kenya. Katiba yao inayapa majimbo jukumu la kupanga wakati, mahali na namna ya kuwachagua wabunge wa Congress, huku Congress ikiwa na uwezo wa kubadilisha kanuni hizo. Kila jimbo lina sheria zake, na kazi yenyewe hufanyika mashinani.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa, Marekebisho ya 15 ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1870, yalikataza serikali kuu na majimbo kumnyima raia haki ya kupiga kura kwa sababu ya rangi yake. Kwa muda mfupi, weusi wa Kusini walipiga kura na hata kuingia bungeni.

Lakini mwishoni mwa karne hiyo, majimbo ya Kusini yalitumia mamlaka yao ya kusimamia uchaguzi kuyabatilisha marekebisho hayo bila kuyataja. Yalianzisha kodi ya kupiga kura, ambayo maskini hakuimudu. Yalianzisha mitihani ya kusoma na kufafanua katiba, ambayo msahihishaji alikuwa karani mzungu. Palipokosekana sheria, vitisho na kamba ya kunyongea vilitumika.

Silaha iliyokuwa kali kuliko zote ilikuwa kura za mchujo. Katika majimbo hayo, Chama cha Democratic kilikuwa na nguvu kiasi kwamba aliyeshinda mchujo wake alikuwa kama aliyekwisha kuapishwa. Uchaguzi mkuu wa Novemba ulikuwa ada tu. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwani anajua jinsi tiketi ya chama katika ngome yake inavyoweza kumaliza ushindani kabla ya debe la uchaguzi mkuu kufunguliwa. Basi, ukimfungia mtu nje ya mchujo, umemfungia nje ya uchaguzi, hata ukimwachia kadi yake ya kura.

Jimbo la Texas lilipitisha sheria mwaka 1923 iliyowapiga weusi marufuku katika mchujo wa Democratic. Daktari Lawrence Nixon wa El Paso alishtaki, na mwaka 1927 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria hiyo. Texas ikabadilisha mbinu. Ilitunga sheria nyingine iliyoipa kamati kuu ya chama uwezo wa kuamua nani apige kura. Daktari Nixon akarejea mahakamani, na mwaka 1932 akashinda tena, kwa kuwa kamati hiyo ilipata uwezo wake kutoka kwa jimbo.

Safari hii jimbo lilinyamaza kimya. Mkutano mkuu wa chama ndio uliopitisha azimio kwamba wanachama wake watakuwa wazungu pekee. Kinyozi mmoja wa Houston, Grovey, alipolalamika, Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja mnamo 1935 kwamba chama ni jumuiya ya watu binafsi, na katiba haimkatazi mtu binafsi kuchagua wenzake. Mlango ukafungwa, na waliokuwa wameufunga wakapewa ufunguo.

Kesi ya daktari wa meno

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Marshall alisubiri nafasi, nayo ilijitokeza mwaka 1941 katika kesi ya wizi wa kura huko Louisiana, ambayo haikuhusu rangi kamwe. Katika kesi hiyo, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba pale ambapo sheria ya jimbo imeufanya mchujo kuwa sehemu ya mtiririko wa uchaguzi, haki ya mpigakura inalindwa na katiba hata katika mchujo huo. Marshall aliona mara moja kwamba nguzo iliyoishikilia hukumu ya 1935 ilikuwa imepata ufa.

Lonnie Smith, daktari wa meno mjini Houston, alikuwa amekwenda kupiga kura katika mchujo wa 1940. Msimamizi wa kituo, S. Allwright, alimnyima karatasi kwa sababu ya rangi yake. Smith alidai fidia ya dola 5,000. Mahakama ya chini ilimkatalia, na ile ya rufaa pia, zote zikisema kwamba zilibanwa na uamuzi wa 1935.

Marshall na mwenzake William Hastie waliifikisha kesi hiyo Mahakama ya Juu. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kupinga. Texas ndiyo iliyotaka chama kifanye mchujo, ikaweka siku yake na kanuni zake, kisha ikawachukua washindi na kuchapisha majina yao katika karatasi za uchaguzi mkuu. Kwa hivyo, chama kilipomfukuza Smith kituoni, kilikuwa kinatekeleza kazi ya jimbo. Jimbo halingeweza kukikabidhi chama kazi yake kisha kujifanya halijui yanayotendeka.

Wakati ulikuwa umewapendelea. Kati ya majaji tisa waliotoa uamuzi wa 1935, ni wawili tu waliosalia. Aidha, dunia ilikuwa vitani, na askari weusi wa Marekani walikuwa wakimwaga damu dhidi ya utawala uliotukuza ubaguzi wa rangi.

Mnamo Aprili 3, 1944, mahakama ilimpa Smith ushindi kwa majaji wanane dhidi ya mmoja. Hukumu iliandikwa na Jaji Stanley Reed, mzaliwa wa Kentucky. Aliyepinga ni Jaji Owen Roberts, aliyeandika ule uamuzi wa 1935, ambaye alilalamika kwamba mahakama inayobadilisha msimamo wake baada ya miaka tisa tu itawafanya watu wapoteze imani nayo. Malalamiko yake hayakuwa ya kipuuzi, kwani utulivu wa sheria ni jambo la maana. Lakini sheria iliyotulia juu ya dhuluma huwapa utulivu wanaodhulumu pekee.

Miezi michache baadaye, weusi wa Texas walipiga kura katika mchujo wa Democratic. Inakadiriwa kwamba mwaka 1940 ni asilimia 3 pekee ya watu weusi wazima wa Kusini waliokuwa wameandikishwa kupiga kura. Kufikia 1952 idadi hiyo ilikuwa takriban asilimia 20.

Majimbo yajibu

Hata hivyo, hukumu haijitekelezi. Jimbo la South Carolina lilijibu kwa ujanja wa ajabu. Gavana aliliita bunge kwa kikao maalum, na wabunge wakafuta sheria zote za jimbo zilizotaja kura za mchujo, wakitumaini kwamba chama kingerudi kuwa jumuiya ya watu binafsi wasioguswa na katiba.

Marshall aliwafuata huko. Akimwakilisha mfanyabiashara mweusi George Elmore, alimweleza Jaji Waties Waring kwamba kufuta maandishi hakubadilishi ukweli, maana aliyeshinda mchujo bado ndiye aliyelitawala jimbo. Waring, mzungu wa ukoo wenye jina mjini Charleston, alikubaliana naye mwaka 1947. Jaji huyo alitengwa na jamii yake, na alipostaafu mwaka 1952 alihamia New York. Mwaka uliofuata, Mahakama ya Juu ilifunga kichochoro kingine huko Texas, ambako klabu ya wazungu ilikuwa ikifanya mchujo wake wa faragha kabla ya ule wa chama.

Kazi hii ilikuwa na hatari zake. Mnamo Novemba 1946, Marshall alikuwa akitoka mji wa Columbia, Tennessee, baada ya kuwatetea weusi walioshtakiwa kufuatia ghasia. Polisi walisimamisha gari, wakamkamata kwa madai ya kuendesha akiwa mlevi na kumpeleka katika barabara ya mashambani kuelekea mtoni. Wenzake walikataa kumwacha, wakalifuata gari la polisi kwa nyuma. Polisi walipoona kuna mashahidi, waligeuza na kurudi mjini, ambako hakimu alimnusa mdomo, akabaini kwamba hakuwa amekunywa, akamwachilia. Marshall aliamini hadi mwisho wa maisha yake kwamba angeuawa usiku ule.

Kesi ya shule za umma, iliyoamuliwa Mei 17, 1954, ndiyo iliyompa umaarufu duniani. Kwa jumla aliwasilisha kesi 32 mbele ya Mahakama ya Juu na kushinda 29.

London na Nairobi

Umaarufu huo ndio uliomfikisha Kenya. Tom Mboya, aliyekuwa amezuru Marekani mwaka 1959, alimwomba awe mshauri wa wajumbe Waafrika katika mkutano wa katiba uliopangwa kufanyika Lancaster House, London.

Marshall alizuru Kenya Januari 1960, wakati Jomo Kenyatta angali kizuizini Lodwar. Wakuu wa serikali ya kikoloni walimzuia kuhudhuria mkutano aliokuwa ameendea. Aliomba angalau ruhusa ya kuwasalimu wananchi waliokusanyika nje, na alipopewa nafasi hiyo alitamka neno moja tu la Kiswahili, uhuru, umati ukalipuka kwa shangwe.

Huko London, ujumbe wa Waafrika uliongozwa na Ronald Ngala, Mboya akiwa katibu wake. Marshall aliandika rasimu ya sheria ya haki za kimsingi. Rasimu hiyo ilitambua haki ya kupiga kura, na vilevile haki za elimu, afya na kazi, mambo ambayo katiba ya nchi yake haikuyataja. Iliwalinda pia walio wachache, wakiwemo walowezi wazungu na watu wa asili ya Asia, pamoja na mali yao. Mtu aliyekuwa ametetea weusi walio wachache nchini mwake alisisitiza kwamba weusi walio wengi nchini Kenya nao hawana budi kujifunga kamba hiyo hiyo. Wahenga walisema, mgala muue na haki yake umpe.

Suala la nani apige kura ndilo lililokuwa kiini cha mkutano huo. Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, hakukubali kura ya kila mtu mzima mara moja. Makubaliano yalitoa viti 53 vya kuchaguliwa, 33 vikiwa wazi kwa wote na 20 vikitengewa Wazungu, Waasia na Waarabu, huku mpigakura akitakiwa kutimiza masharti kama vile kujua kusoma na kuandika, umri au kipato. Kwa mara ya kwanza, njia ya Waafrika kuwa wengi katika baraza la kutunga sheria ilikuwa imefunguka.

Sura ya haki katika katiba ya uhuru haikutumia maneno ya Marshall, bali ilifuata kielelezo cha Nigeria. Lakini wazo lake la kuilinda kila jamii lilikuwa limekwisha kuwekwa mezani. Alirejea Kenya Julai 1963 na kuonana na Kenyatta, wakati huo Waziri Mkuu, na suala alilolitilia mkazo lilikuwa jinsi wafanyabiashara wa asili ya Asia walivyokuwa wakitendewa.

Kutoka wakili hadi jaji

Rais John Kennedy alimteua kuwa jaji wa rufaa mwaka 1961, lakini maseneta wa Kusini walichelewesha idhini yake kwa karibu mwaka mzima. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alimfanya Wakili Mkuu wa Serikali, afisa anayeitetea serikali kuu mbele ya Mahakama ya Juu.

Aliingia ofisini humo mwezi ule ule Johnson alipotia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura, Agosti 1965. Sheria hiyo ilisimamisha mitihani ya kusoma katika majimbo yaliyokuwa na historia ya ubaguzi, na kuyalazimisha kuomba idhini ya Washington kabla ya kubadilisha kanuni yoyote ya uchaguzi. South Carolina ilidai kwamba serikali kuu ilikuwa imepora mamlaka yake. Mnamo Machi 1966 mahakama ililikatalia jimbo hilo. Mwezi huo huo, katika kesi ambayo Marshall alisimama kwa niaba ya serikali kuu kuwaunga mkono wapigakura, mahakama ilifuta kodi ya kupiga kura ya Virginia, iliyokuwa dola moja na nusu, ikisema kwamba utajiri wa mtu hauhusiani na haki yake ya kuchagua.

Matokeo yalionekana upesi. Huko Mississippi, weusi walioandikishwa walikuwa chini ya asilimia 7 mwaka 1964. Kufikia 1967 walikuwa karibu asilimia 60.

Mwaka huo wa 1967, Johnson alimteua katika Mahakama ya Juu. Seneti ilimwidhinisha kwa kura 69 dhidi ya 11, naye akaketi rasmi Oktoba 2. Kijana aliyekariri katiba kama adhabu sasa alikuwa na jukumu la kuifasiri.

Itakuwa kosa kudhani kwamba Jaji Marshall aliyadharau mamlaka ya majimbo. Mnamo 1972 aliandika hukumu katika kesi ya Tennessee, jimbo lililomtaka mtu awe ameishi humo mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kupiga kura. Alikubali kwamba jimbo lina haki na wajibu wa kuzuia udanganyifu na kuhakikisha kwamba wapigakura ni wakazi halisi. Lakini alipouliza kama mwaka mzima ulihitajika kwa kazi hiyo, jibu halikupatikana. Siku 30 zilitosha kukagua orodha. Kanuni iliyozidi mahitaji yake ilikuwa inawafungia nje raia waaminifu, naye akaifuta. Huo ndio uliokuwa mizani wake. Jimbo lisimamie, lakini lieleze kila kizuizi linachoweka ni cha nini.

Kadiri miaka ilivyosonga, mahakama ilibadilika na Marshall akazidi kujikuta upande wa wachache. Mnamo 1980, mahakama ilisema kwamba wakazi weusi wa Mobile, Alabama, ambao hawakuwahi kupata kamishna hata mmoja kati ya watatu waliouongoza mji huo, walipaswa kuthibitisha kwamba mfumo ulinuiwa kuwabagua. Marshall alipinga vikali, akieleza kwamba aliyefungiwa nje haumii kidogo kwa sababu aliyefunga hakutangaza nia yake. Miaka miwili baadaye, Congress iliirekebisha sheria ili matokeo ya mfumo yazingatiwe, hata bila ushahidi wa nia.

Mwaka 1987, Wamarekani walipokuwa wakisherehekea miaka 200 ya katiba yao, Marshall alikataa kujiunga na sifa hizo bila masharti. Alikumbusha kwamba hati hiyo ilizaliwa na kasoro, kwa kuwa iliwaacha nje watumwa na wanawake, na kwamba heshima inawastahili zaidi wale waliopigana kuirekebisha.

Buriani na urithi

Alitangaza kustaafu Juni 1991, afya yake ikiwa imezorota, na nafasi yake ikachukuliwa na Clarence Thomas. Alifariki Januari 24, 1993, akiwa na umri wa miaka 84. Maelfu ya watu walipanga foleni katika baridi kali kuliona jeneza lake katika ukumbi wa Mahakama ya Juu, kisha akazikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington.

Mabishano aliyoyashiriki hayakuzikwa pamoja naye. Mnamo Juni 2013, Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba vigezo vilivyotumiwa kuyateua majimbo yaliyohitaji idhini ya Washington vilikuwa vimepitwa na wakati. Jaji Thomas, aliyerithi kiti cha Marshall, alikuwa miongoni mwa hao watano. Tangu siku hiyo, majimbo hayo yakawa huru kubadilisha kanuni za kura bila kupiga hodi kwanza. Kwa upande mwingine, mwaka 2023 mahakama hiyo ilikataa hoja iliyotoka North Carolina kwamba mabunge ya majimbo yanaweza kupanga uchaguzi wa Congress bila mahakama za majimbo hayo kuwachunguza.

Hapa nyumbani, Katiba ya 2010 ilikuja na haki za afya na elimu, za aina ambayo Marshall alikuwa ameipendekeza miaka 50 awali. Vilevile, Ibara ya 88 iliikabidhi tume ya uchaguzi jukumu la kudhibiti jinsi vyama vinavyowateua wagombeaji, pamoja na kushughulikia mizozo inayotokana na uteuzi huo. Maana yake ni kwamba nchini Kenya chama hakiwezi kudai kwamba mchujo wake ni shughuli ya nyumbani isiyomhusu mtu wa nje. Hiyo ndiyo kanuni ambayo daktari wa meno na wakili wake waliipigania mwaka 1944.

Kanuni kuwa katika karatasi ni jambo moja, na kufuatwa kwake ni jingine. Kila msimu wa mchujo unapowadia, na malalamiko ya karatasi zilizochelewa, majina yaliyopotea na tiketi zilizotolewa gizani yanapozuka, mwananchi ana mahali pa kusimama kisheria. Smith alisimama hapo baada ya kunyimwa karatasi moja tu, na ilimchukua miaka minne kusikilizwa.